Usisubiri Februari: kurekebisha makato ya kodi ukiwa kazini Marekani na ujenzi ukiwa Mwanza

Kila mwaka Februari ikielekea kuisha, simu za ndugu walioko Marekani zinachangamka. Fundi anatafutwa, lori la mchanga linaagizwa, mama anaahidiwa madirisha ya aluminiamu. Hela ya kodi imerudi. Ikifika Juni mambo yamesimama, boma linaota majani, na sisi tulioko Buswelu ndio tunaojibu maswali ya fundi.

Kazi yangu ni mishahara. Niko kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, naandaa malipo ya wakata minofu, madereva na walinzi, na nahakikisha PAYE imefika TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Mdogo wangu anaendesha lori Dallas, mkewe anahudumia wazee kwenye makao yao kulekule, na nyumba yao inajengwa hapa mimi nikisimamia. Kwa hiyo makato ya kodi nayaona pande zote mbili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza kwa simu, na ningependa kila aliyeko huko mwenye kiwanja huku ayasikie.

Tuanze na hiyo hela ni ya nani. Huku kwetu mfanyakazi mwenye ajira moja hana cha kurekebisha. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi katika sekta binafsi anakatwa NSSF 80,000, inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara hapo anadaiwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, jumla 60,000. Hesabu imefungwa mwezi huohuo. Hajazi fomu ya mke wala watoto, na mwaka ukiisha hana anachodai. Ndiyo maana tukisikia mtu "kapewa" dola elfu nne na serikali ya Marekani, tunadhani ni zawadi.

Kule mwajiri anakata kwa makadirio. Makadirio yenyewe yanatokana na karatasi moja, fomu W-4, ambayo wengi wanaijaza siku ya kwanza kazini, harakaharaka, na hawaigusi tena. Mwaka ukiisha unapeleka ritani kwa fomu 1040, kodi halisi inajulikana, na kilichozidi kinarudishwa. Marejesho makubwa, mara nyingi, ni mshahara wako mwenyewe uliokatwa kupita kiasi tangu Januari, ukakaa serikalini bila riba. Ni sawa na kucheza upatu ukakubali kuwa wa mwisho kila mzunguko: hela yako unaipata yote, ila wenzako wameshapaua.

Mdogo wangu alijaza W-4 yake akiwa bado hajaoa. Akaoa, wakazaliwa watoto wawili hukohuko, fomu ikabaki ileile: mseja, hana mtoto. Mke naye vivyo hivyo. Kuanzia mwaka wa kodi 2025 nafuu ya mtoto, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yenyewe, ni hadi dola 2,200 kwa kila mmoja, kwa hiyo kwa watoto wawili ni 4,400. Fomu zao hazikuitaja nafuu hiyo hata kidogo. Ukigawanya 4,400 kwa malipo 26, maana wanalipwa kila baada ya wiki mbili, unapata dola 169 kila malipo. Hizo ndizo zilizokuwa zinakatwa bure na kurudi kwa mkupuo.

Ukitaka kujua hali yako, toa 1040 ya mwaka jana na uangalie mistari miwili. Mstari wa 24 ndio kodi yako halisi ya mwaka. Mstari wa 34 ndio kiasi ulicholipa zaidi. Huo wa 34 ukiwa na dola mia tatu au nne, acha, uko vizuri. Ukiwa na elfu tatu, elfu nne, chukua pia slipu yako ya karibuni ya mshahara, na ya mwenzio kama mna ndoa, mkae pamoja. Kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuna kikokotoo cha bure cha makato. Hakiulizi jina wala namba yako. Unakipa mishahara, kodi iliyokwisha kukatwa tangu Januari na idadi ya watoto, nacho kinakuonyesha cha kuandika kwenye W-4. Kitumie kabla hujashika kalamu.

Fomu yenyewe ni fupi. Tangu ilipobadilishwa mwaka 2020 haina tena zile namba za "posho" ambazo wazee wa huko bado wanashauriana, mara andika sifuri, mara andika moja. Ushauri huo umepitwa na wakati. Sasa kuna hatua 5.

Hatua ya 1 ni jina na hali ya ndoa. Hatua ya 2 ndipo watu wanapoumia, nayo inahusu mwenye kazi mbili au wanandoa wote wawili kufanya kazi. Mkiandika "ndoa, ritani ya pamoja" kwenye fomu zote mbili bila kushughulikia hatua hii, kila mwajiri atadhani mshahara wake ndio pekee unaoingia nyumbani. Mtakatwa kidogo mno, na Aprili 15 mtadaiwa. Kama mishahara yenu haijapishana sana, wekeni alama kwenye kisanduku cha 2(c), kwenye fomu ya mume na ya mke pia. Kama mmoja analipwa chini ya nusu ya mwenzake, kisanduku hicho kitawakata zaidi ya inavyotakiwa, kwa hiyo fuateni kikokotoo.

Hatua ya 3 ni watoto, na ndiyo iliyokuwa dawa ya mdogo wangu. Unaandika jumla ya nafuu kwa dola, kwake 4,400. Watoto wote waandikwe kwenye fomu ya mzazi mmoja tu, yule mwenye mshahara mkubwa, na wa pili aache wazi. Wakiandikwa kwenye fomu zote mbili nafuu itahesabiwa mara mbili, na mtaitapika Aprili. Ujue pia kwamba makato hayashuki chini ya sifuri. Kama ulikuwa unakatwa dola 100 tu kila malipo, W-4 haiwezi kukuongezea 169. Itakuachia hizo 100, zilizobaki utazipata kwenye ritani.

Hatua ya 4 ni ya marekebisho. Anayeendesha Uber wikiendi asikilize hapa: hela ile haikatwi kodi na mtu, kwa hiyo aidha ulipe mwenyewe kila robo mwaka, au uombe mwajiri wako akukate kiasi cha ziada kwenye 4(c). Hatua ya 5 ni sahihi yako na tarehe. Unampa mwajiri, hupeleki IRS. Unaweza kuibadilisha wakati wowote, hata katikati ya mwaka, na mwajiri anatakiwa kuanza kuitumia ndani ya takriban mwezi mmoja.

Sasa naomba hapa mnisikilize kwa makini, maana ndipo ndugu wengi wanaponiuliza. Mama yako aliyeko Mwanza humwandiki kwenye W-4. Hata kama unamlipia dawa, chakula na dada wa kazi, sheria ya Marekani inataka tegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Tanzania haimo. Mtoto naye, ili upate ile nafuu kubwa, lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), awe hajatimiza miaka 17 mwaka ukiisha, na awe ameishi na wewe zaidi ya nusu ya mwaka. Nawajua wanaomleta mtoto kwa bibi ili apate malezi na ajue Kiswahili chake, na ni jambo zuri. Ila mtoto anayeishi Nyegezi mwaka mzima usimwandike bila kwanza kumuuliza mtaalamu. Wenye kipato cha wastani wanaweza kupata msaada wa bure kwenye vituo vya mpango uitwao VITA, ambako watu wa kujitolea wanakusaidia kujaza ritani, msimu wa ritani ukifika. Hela unayotuma kwa Western Union au benki haikupunguzii kodi hata senti. Inauma kuisikia, najua, kwa sababu ni mzigo wa kweli, lakini bora uisikie kwangu kuliko kwenye barua ya IRS.

Wapo pia ambao marejesho yao makubwa hayatokani na makato. Mwenye kipato kidogo na watoto anaweza kupata nafuu iitwayo EITC, na hiyo inaweza kuzidi hata kodi yote aliyokatwa. W-4 haiisogezi, inakuja na ritani tu, na kwa sheria IRS haiitoi kabla ya katikati ya Februari. Kama yako ni hiyo, subiri kwa amani. Wanafunzi wa viza ya F-1 wana maelekezo yao tofauti ya kujaza W-4, waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo. Na majimbo: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini aliyeko Minnesota ana fomu nyingine ya jimbo ya kurekebisha, W-4MN.

Usilenge sifuri kamili. Mshahara una ovataimu, kazi inabadilika, mtu anaugua. IRS haitozi adhabu ya kulipa pungufu kama unachodaiwa mwishoni hakifiki dola 1,000, au kama umeshakatwa walau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu. Wengi wanaokolewa pia na kukatwa kiasi sawa na kodi yote ya mwaka uliopita, ingawa mwenye kipato kinachozidi dola 150,000 anatakiwa afikishe asilimia 110. Mimi nilimwambia mdogo wangu aache marejesho ya dola mia chache. Huo ni usingizi wake wa Aprili.

Nilimwambia pia asitegemee kuipata yote mwaka huohuo, maana alibadilisha fomu Julai. Kwa sababu nusu ya mwaka ilishapita, alipata kama nusu ya zile 4,400 kwenye mishahara iliyobaki, nusu nyingine ikaja kwenye ritani. Kuna anayeshawishika kuandika kiasi maradufu kwenye hatua ya 3 ili afidie miezi iliyopita. Akisahau kuirudisha Januari, mwaka mzima unaofuata anakatwa pungufu.

Kwa nini nahangaika na haya yote? Kwa sababu ya mvua. Hela ya ritani ikitua mwishoni mwa Februari au Machi, masika nayo inaingia. Kiwanja chao kiko mlimani, kama nusu ya viwanja vya mji huu. Mtaro wa msingi uliochimbwa Jumatatu unajaa maji Jumatano, lori la mawe linaishia chini barabarani, na unalipa vijana kubeba hadi juu. Miezi ya kujenga kwa raha hapa ni Juni, Julai, Agosti, na ndiyo miezi ambayo hela ya mkupuo ilikuwa imeshakwisha.

Nenda kaone kokoto zinavyopatikana. Akina mama wamekaa kando ya barabara chini ya mwavuli, jiwe limezungushiwa kipete cha mpira ili vipande visiruke machoni, nyundo inagonga, ndoo inajaa. Anataka hela yake leo, siyo Machi. Fundi naye analipwa Jumamosi, na asipolipwa Jumamosi, Jumatatu yuko kwa tajiri mwingine. Ujenzi wetu unakula kidogokidogo kila wiki, na dola 169 kila baada ya wiki mbili zinaufaa kuliko elfu nne za siku moja.

Ninaowaheshimu wamenipinga. Wanasema hela ikija kidogokidogo wataila, bora serikali iwatunzie. Nawaelewa, na kwa hatua ya kupaua nakubali kwamba mbao na bati vinataka fungu nene. Lakini fungu hilo unaweza kulitunza mwenyewe. Waajiri wengi huko wanaruhusu mshahara ugawanywe kwenye akaunti mbili. Mdogo wangu aliomba ile 169 iende moja kwa moja kwenye akaunti ya akiba ambayo kadi yake ameiacha kwenye droo nyumbani. Anatuma ya fundi kila mwezi, iliyobaki inangojea bati, na inapata riba wakati inangojea.

Baada ya kukabidhi fomu, subiri slipu ya pili au ya tatu uisome. Makato ya Social Security, asilimia 6.2, na ya Medicare, asilimia 1.45, hayatabadilika, W-4 haiyagusi. Tazama mstari wa kodi ya mapato ya serikali kuu peke yake. Kwa mdogo wangu ulitoka dola 200 na ushee ukabaki thelathini na kitu. Kama wako haujasogea, usikae kimya, rudi HR na nakala yako ya fomu, uwaulize waliiingiza lini. Na mkipata mtoto, mkiachana, mmoja akiacha kazi au akiongeza ya pili, jaza fomu mpya wiki hiyohiyo, kisha unipigie nijue fundi nimwahidi nini.