Mpango wa tiba kwa operesheni ya kombania: anzia meza ya upasuaji, rudi nyuma hadi kwa askari

Mwongozo huu ni kwa mganga wa kikosi au afisa tiba aliyepokea amri ya awali jioni, na anatakiwa asubuhi asimame mbele ya kamanda akiwa na mpango. Mfano tutakaoutumia ni kombania ya watu 120 iliyo kwenye kambi ndogo ya msituni, mazingira kama ya Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC): barabara ya tope, mvua za mchana, hospitali yenye upasuaji iko kilomita 90 kwa anga. Tutafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ndio walioufanyia kazi Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini huko baada ya Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ya Umoja wa Mataifa kuundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013.

Wengi huanza na orodha ya dawa. Usianze huko. Dawa zinapatikana, kinachoua majeruhi ni muda unaopotea kati ya mtu mmoja na mwingine. Kwa hiyo panga dakika kwanza, vifaa vitafuata.

Hatua ya 1: Weka saa ukutani

Kipimo ni 10-1-2. Ndani ya dakika 10 tangu kujeruhiwa, damu inayovuja iwe imezuiwa na njia ya hewa iwe wazi, na anayefanya hivyo ni askari mwenzake, si daktari. Ndani ya saa 1, majeruhi awe mikononi mwa timu yenye uwezo wa kumuokoa: kumpa hewa, dripu au damu, dawa. Ndani ya saa 2 awe mezani kwa mpasuaji. Saa inaanza risasi inapompata, si redio inapoita. Hilo liandikwe juu kabisa ya mpango, maana makao makuu huhesabu kuanzia walipopokea ujumbe.

Hatua ya 2: Jua kila ngazi inabeba nini

Ngazi ya 1 ni zahanati ya kikosi: wagonjwa 20 wa nje kwa siku, vitanda 5 vya kushikilia mgonjwa hadi siku 2, na dawa za siku 60. Inaweza kugawanywa kuwa timu mbili za mbele. Haina upasuaji. Ngazi ya 2 inafanya upasuaji mkubwa 3 hadi 4 kwa siku na kulaza watu 10 hadi 20 kwa siku 7. Ngazi ya 3 inafanya upasuaji 10 kwa siku na kulaza 50 kwa siku 30. Ngazi ya 4 iko nje ya eneo la operesheni, kwenye hospitali kubwa za miji kama Nairobi na Kampala.

Namba ya kukukosesha usingizi ni hiyo 3 hadi 4 ya Ngazi ya 2. Majeruhi watano mahututi wakifika pamoja, hospitali hiyo imezidiwa kabla ya jua kuzama, na lazima mpango useme wa tano anapelekwa wapi. Piga simu uulize leo hii wana wapasuaji wangapi, mtaalamu wa nusu kaputi yupo au yuko likizo, damu kiasi gani na ya kundi gani. Jibu la wiki iliyopita halitoshi.

Hatua ya 3: Kadiria majeruhi, hasa kilele

Mwombe afisa operesheni akuonyeshe ramani na akutajie sehemu mbili au tatu anazohofia zaidi: daraja, kona ya barabara, uwazi kabla ya kijiji. Hapo ndipo watu wataumia kwa mkupuo. Jumla ya majeruhi wa wiki nzima haikusaidii sana. Idadi ya watakaoumia ndani ya nusu saa ndiyo inayoamua machela, magari na viti vya helikopta.

Kwa mfano wetu, chukua kilele cha majeruhi 6: wawili wa kundi la kwanza (wasipofika mezani mapema watakufa), mmoja wa kundi la pili (anaweza kusubiri saa chache), watatu wanaotembea. Kisha jiulize ikiwa idadi ni maradufu, ni kipi kitakatika kwanza. Kile kitakachokatika ndicho unachomweleza kamanda, kwa maneno yasiyopindishwa.

Hesabu ya wasio askari wako iwemo pia. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unataka majeruhi wahudumiwe bila ubaguzi, na anayetangulia atangulie kwa sababu za kitabibu tu. Raia na adui aliyejeruhiwa watafika langoni mwako. Panga mlinzi wa kuwapokea ambaye si tabibu, na mahali pa kuondoa silaha na maguruneti kabla mtu yeyote hajaingia hemani, wakiwemo askari wako wenyewe.

Hatua ya 4: Andika ratiba ya dakika

Hapa ndipo mpango mzuri unapotengana na karatasi. Chukua karatasi tupu, andika dakika sifuri, kisha shuka:

Dakika 0: askari anapigwa risasi ya paja.
Dakika 12: damu imezuiwa, ombi la kuhamishwa limetoka redioni.
Dakika 22: ombi limepita ngazi za ruhusa (dakika 10).
Dakika 52: helikopta inapaa (marubani wako tayari kwa dakika 30).
Dakika 77: inatua. Helikopta aina ya Mi-8 ikienda kama kilomita 220 kwa saa, kilomita 90 ni dakika 25 hivi.
Dakika 87: majeruhi amepakiwa.
Dakika 112: inatua hospitalini.
Dakika 122: yuko mezani.

Umepita saa 2 kwa dakika mbili, na hakuna kilichoharibika: hakuna mvua, hakuna mzozo wa redio, eneo la kutua ni salama. Sasa tazama dakika zilikokwenda. Kuruka kote, kwenda na kurudi, ni dakika 50. Kungoja ruhusa na kungoja marubani ni 40. Helikopta huwezi kuiongezea mbio, lakini hizo 40 ni za maofisa, zinakatika kwa mazungumzo ya kabla ya operesheni.

Omba mambo matatu. Kwanza, ruhusa itolewe mapema kwa kipindi chote cha operesheni, afisa wa zamu aweze kuituma helikopta bila kumtafuta mkubwa aliye kikaoni. Pili, marubani wawe tayari kwa dakika 15 katika saa za hatari. Tatu, helikopta isogezwe kwenye uwanja wa karibu. Mawili ya kwanza tu yanakupa dakika 20 hadi 25.

Usiku na mvua viandikiwe ratiba zao. Uliza waziwazi: marubani hawa wana ruhusa na miwani ya kurukia usiku? Kama jibu ni hapana, basi kuanzia machweo huna helikopta, na kamanda ajue hivyo kabla ya kuchagua saa ya kuanza.

Hatua ya 5: Njia ya pili, kwa miguu na magurudumu

Shambulio la Semuliki, eneo la Beni, tarehe 7 Desemba 2017 liliua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 na kujeruhi zaidi ya 40. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba hapakuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa askari wale, na kwamba upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia ulikuwa kikwazo kikubwa. Kila mganga wa kikosi anayekwenda mbele anapaswa kulijua hilo, kwa sababu njia ya kuwatoa majeruhi ni ile ile ya kupeleka msaada: ikifungwa moja, nyingine nayo imefungwa.

Machela moja inahitaji wabebaji 4, na msituni wanachoka haraka, kwa hiyo hesabu 8 wa kupokezana. Majeruhi wawili wa machela kwenye platuni ya watu 30 wanakula watu 16 kabla hujaweka walinzi. Platuni hiyo haipigani tena. Mweleze kamanda hivyo hivyo. Ataelewa haraka kwa nini unadai timu ya kubeba itoke kwenye kikosi cha akiba na si mstari wa mbele.

Magari yatoke mawili, moja likikwama lingine livute au lipokee. Weka kituo cha kubadilishana majeruhi njiani, mahali penye maficho na pa kugeuzia gari, ili gari la mbele lirudi kwenye mapigano. Barabara usiipime kwenye ramani; tuma mtu aipite baada ya mvua na alete muda halisi.

Hatua ya 6: Sasa vifaa

Kila askari abebe turniketi, ule mkanda wenye kijiti wa kukaza mkono au mguu, mahali pamoja kwa wote, panapofikiwa na mkono wowote. Inafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya goti wala kiwiko, na saa inaandikwa. Sababu kubwa ya kushindwa ni moja: mkanda haukuvutwa hadi mwisho kabla ya kuzungusha kijiti, hivyo kijiti kinazunguka, kinafika mwisho, damu bado inatoka. Fanyeni mazoezi mkiwa na mikono iliyolowa.

Kwa anayevuja damu nyingi, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza uvujaji wa damu) gramu 2 kwenye mshipa, mapema iwezekanavyo na isizidi saa 3 tangu kujeruhiwa. Baridi nayo inaua hata karibu na ikweta: aliyepoteza damu akilazwa na kombati mbichi kwenye bati la gari, damu yake inashindwa kuganda. Kata nguo mbichi, mfunike, mtenganishe na chuma. Blanketi mbili kwa kila machela.

Oksijeni ihesabiwe kwa dakika. Silinda ya lita 680 ikitumika lita 10 kwa dakika inaisha kwa dakika 68, na ratiba yetu ya juu ni dakika 122. Damu ibaki nyuzi joto 2 hadi 6 safarini, kipimajoto kikiwa ndani ya kasha. Kama damu haifiki mbele, andaa orodha ya askari wa kundi O waliopimwa maambukizi kabla ya kuondoka nyumbani, msituni umechelewa.

Hatua ya 7: Ujumbe wa redio

Fuata mistari 9 ya ombi la kuhamisha majeruhi, kwa mpangilio: mahali pa kuchukua, masafa na jina la wito, idadi kwa uzito wa majeraha, vifaa maalumu, idadi ya machela na wanaotembea, hali ya usalama, alama ya eneo, uraia na hadhi ya majeruhi, hali ya ardhi. Helikopta inaweza kupaa na mistari mitano ya kwanza, mingine ifuate ikiwa angani.

Eneo la kutua la Mi-8 liwe wazi angalau mita 50 kwa 50, bila nyaya, maturubai wala mifuko tupu. Moshi urushwe rubani anapokaribia, na yeye ndiye ataje rangi anayoiona, ninyi mthibitishe. Mkiitaja ninyi kwanza, adui mwenye redio naye atarusha ya rangi hiyo.

Hatua ya 8: Magonjwa

Katika operesheni nyingi, homa, kuhara na ajali za magari hutoa watu wengi kuliko risasi. Doksisaiklini miligramu 100 kila siku, ya kuzuia malaria, imezwe mbele ya kiongozi wa seksheni (kikundi kidogo ndani ya platuni), iendelee wiki 4 baada ya kutoka. Chandarua, vipimo vya haraka vya malaria, dawa mseto, sindano za atesuneti kwa malaria kali. Choo kiwe mbali na jiko na chini ya mwelekeo wa maji. Kwenye ukanda wa Kivu na Ituri, uliokuwa na mlipuko wa Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zahanati iwe na lango la kupima joto na hema la kumtenga mgonjwa, hata wakati hakuna mlipuko uliotangazwa.

Hatua ya 9: Zoezi

Fanya zoezi na watu halisi, redio halisi, saa mkononi: askari wa kilo 85 akiwa na fulana ya kuzuia risasi alale chini, atiwe machela, apakiwe garini. Mara nyingi machela haziingii kwenye gari lililopangwa, au wito wa redio hausikiki kutoka bondeni. Rudia baada ya giza. Muda uliopatikana uandike juu ya ule wa kukadiria kwenye ratiba ya Hatua ya 4, kisha peleka ratiba hiyo, si ya awali, kwenye kikao cha amri. Kama bado inavuka dakika 120, omba timu ya upasuaji isogezwe mbele au kombania isivuke umbali fulani, na uamuzi wa kamanda uandikwe ndani ya amri yenyewe.