Sauti ya simu ikikatika, anza na swichi
Simu za ofisini zinazopitia mtandao wa kompyuta zikikatika sauti kila mara mtu anapopakua faili kubwa, usikimbilie kununua intaneti yenye kasi zaidi. Ingia kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi, fungua mipangilio ya porti (tundu la waya) ya simu, uiambie iamini alama ya DSCP, ile inayoonyesha data ipi ipewe kipaumbele. Simu nyingi huipa sauti alama 46, ila swichi nyingi zisipoambiwa huipuuza, sauti ikapanga foleni moja na mafaili.

Kisha zima udhibiti wa mtiririko, ule wa kiwango cha 802.3x unaoruhusu kifaa kilicholemewa kuuambia upande wa pili usubiri kutuma data, kwenye porti hizo. Hapa ndipo wengi hukosea: amri yake ya kusubiri haichagui, husimamisha kila kitu kwenye waya. Ni kama kufunga barabara nzima, ambulensi nayo ikasimama. Mimi huuwasha kwenye waya wa seva ya kuhifadhia data tu.