Kabla mashine ya kung'arisha zege haijashushwa kwenye gari

Mashine ya kung'arisha haiongezi kitu sakafuni. Inasaga kilichopo na kukionyesha, uzuri wake na ubovu wake. Ndiyo maana mwenye jengo anayempigia simu fundi wa kung'arisha wakati sakafu imeshakamilika, mara nyingi anakuwa amechelewa.

Mazoea yetu Dar es Salaam ni kumwaga jamvi (zege la chini la nyumba), kupiga sakafu ya mchanga na saruji juu yake, kisha kumalizia na niru, yaani uji wa saruji tupu. Kwa tailizi au kapeti hakuna neno. Kwa kung'arisha ni hasara, kwa sababu niru ni ngozi tu: meno ya almasi yakipita inabanduka kwa mabaka, na chini yake hukuti kokoto hata moja. Kinachong'arishwa ni jamvi lenyewe, au tabaka jipya la zege lenye kokoto. Kama zege halijamwagwa, mwambie fundi ujenzi mapema kwamba juu hapapigwi niru, na jamvi lipimwe kwa pima maji kana kwamba ndiyo sakafu ya mwisho, maana ndiyo.

Kokoto nazo zinaamuliwa siku hiyo hiyo. Za machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani, ni ngumu na zinashika mng'ao. Za mawe ya chokaa ni laini, zinasagika haraka na zinaanza kuchakaa mapema. Ukileta lori moja la huku na jingine la kule, sebule itakuwa na rangi mbili, na hakuna mashine itakayolificha hilo.

Zege lipewe siku 28, na angalau siku 7 za mwanzo limwagiliwe maji, maana jua la hapa na upepo wa bahari hulikausha juu kabla halijakomaa ndani. Baada ya hapo chukua msumari, ukwaruze sehemu tatu au nne ukikandamiza. Ukibaki mstari mweupe hafifu, vizuri. Ukichimbika mfereji na unga ukakujaa kidoleni, zege hilo litahitaji dawa ya silikati ya kulikaza, pengine zaidi ya mara moja, na gharama hiyo ijadiliwe kabla ya kazi.

Unyevu usiupuuze, hasa maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu kama Msasani na Mikocheni, au masika ikiwa imekolea. Bandika kipande cha nailoni cha karibu nusu mita kila upande, kingo zote nne zizibwe kwa utepe wa gundi, kilale mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake au zege limekolea rangi, maji yanapanda, na yakipanda yanaleta chumvi nyeupe juu ya sakafu.

Halafu kuna madoa. Nondo zikilazwa juu ya jamvi bichi zinaacha mistari ya kutu. Plaiwudi inaacha kivuli chake. Jenereta linalovuja mafuta sitaki hata kulizungumzia. Stoo ya vifaa iwe nje, au chumba kitakachowekwa tailizi.

Paa, madirisha, plasta na dari viishe kwanza. Rangi ya mwisho, milango na skatingi vingoje, maana mashine ikipita inarusha tope ukutani.

Mashine kubwa hutumia umeme wa fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Muulize fundi mapema, ama jenereta liandaliwe. (Na Luku iwe na uniti za kutosha, tafadhali.) Mashine hizi zina uzito wa mamia ya kilo, hivyo pima milango na ngazi kabla hazijafika. Taa ziwekwe chini, pembeni, mwanga upite juu ya sakafu; taa ya dari peke yake haionyeshi mikwaruzo.

Kama wanasaga kwa maji, chimba shimo na ulitandike nailoni, au andaa mapipa. Tope lile lina alkali kali na likikauka linaganda, kwa hiyo kulimwaga mtaroni ni kumwandalia jirani mafuriko. Wakisaga kikavu, mashine iwe na kinyonya vumbi. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu bila kupona tena, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

La mwisho ndilo ambalo mimi nisingekubali kulisamehe: mfano. Mng'ao wa namba 400 (namba ni ulaini wa meno ya almasi ya mwisho) umefifia, wa 3000 unakaribia kioo, na bei ni tofauti kabisa, lakini kwa simu wote mtasema "ing'ae vizuri". Fundi asage mita moja ya mraba mahali patakapofunikwa na kabati, hatua zote mpaka mwisho. Mkikubaliana, kipigwe picha, namba iandikwe kwenye mkataba, na kipande hicho kisiguswe hadi malipo ya mwisho.