Kabla Mkaguzi Hajafika: Kupima Uvujaji wa Mabomba ya Maji Taka

Anayejenga nyumba Tanga asikubali mtaro wa bomba la maji taka ufukiwe, wala jamvi, yaani zege la sakafu, limwagwe juu yake, kabla bomba halijajazwa maji, likapimwa na kuonwa na mkaguzi wa majengo. Nimeshuhudia nyumba moja mjini hapa ambayo fundi alirudisha kifusi jioni ya kuamkia ukaguzi kwa kuhofia mvua za masika. Mwenye nyumba alilazimika kulipia uchimbaji upya, kwa kuwa mkaguzi hawezi kuidhinisha kiungio asichokiona.

Masharti hayo si usumbufu. Baadhi ya ardhi yetu imekalia mwamba wa chokaa, kama ule uliochongwa na maji hata yakapatikana mapango ya Amboni, na mwamba wa aina hiyo huyapitisha maji machafu katika nyufa zake bila kuyachuja, hivyo kiungio kinachovuja polepole chini ya sakafu kinaweza kukichafua kisima cha jirani bila mtu yeyote kujua.

Siku chache kabla, uliza halmashauri wanataka maji yasimame kwa kimo gani na kwa muda gani, kisha mwombe mkaguzi tarehe. Gundi ya mabomba ya plastiki iachwe ikauke kwa saa 24. Funika bomba kwa udongo laini katikati ya vipande tu, ili lisisogee wala kuelea, viungio vikiwa wazi.

Maji yenyewe yawekwe akiba mapema. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo njia ya mita 20 inahitaji ndoo nane za lita 20, na kukosa maji ya bombani asubuhi ya kipimo kutakuharibia miadi. Ziba mwisho wa chini, kwenye chemba, kwa kizibo cha mpira kinachokazwa, uzibe pia matoleo ya choo, sinki na bafu, kisha simamisha kipande cha bomba upande wa juu na ujaze polepole ili hewa ipate pa kutokea. Subiri viputo viishe ndipo uweke alama ya kimo cha maji kwenye kipande hicho. Anza asubuhi, kwani jua likipiga plastiki hutanuka na kimo kikakudanganya. Hewa ya kompresa usiitumie, maana bomba la plastiki likipasuka kwa hewa hurusha vipande vinavyoweza kumjeruhi mtu.

Maji yakishuka, kausha kila kiungio kwa kitambaa, kizungushie karatasi kavu ya gazeti, na penye unyevu patajionyesha. Kupaka gundi juu ya tundu si matengenezo. Kiungio hicho kikatwe na kuwekwa soketi mpya ya kuunganishia bomba, na kipimo kirudiwe chote.

Mkaguzi akisharidhika, acha maji ndani wakati wa kufukia, kwa sababu jiwe likilivunja bomba kimo kitashuka papo hapo, mtaro ukiwa bado haujajaa.