SOMO: Kuanzisha kikundi cha wataalamu wanaotibu matatizo ya ulaji, Arusha na Moshi

Wakuu, salaam. Wiki hii watu wanne wameniuliza jambo hili hili faraghani. Naandika mara moja, wa tano nitamtumia kiungo tu.

Sizungumzii utapiamlo wa kukosa. Nazungumzia binti anayejinyima na chakula kipo mezani, au anayekula sufuria nzima usiku kisha anajitapisha. Wapo huku kwetu. Wanafika kliniki kwa jina la vidonda vya tumbo, wengine wameshaombewa mara tatu.

1. Pata watu watano: daktari, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lishe, muuguzi wa wodi na daktari wa meno. Msicheke, huyo wa meno mara nyingi ndiye anayegundua kwanza, maana asidi ya matapishi hula meno ya juu upande wa ndani.

2. Mahali. Sisi ni Boma Ng'ombe, Jumamosi moja kwa mwezi. Wa Arusha anapanda gari, wa Moshi anapanda gari.

3. Salamu. "Umenenepa!" na "mbona umekonda?" zinaachwa mlangoni. Ukizizoea kikaoni utamsalimia nazo mgonjwa.

4. Vyama vikubwa baadaye. Academy for Eating Disorders ya Marekani ipo tangu 1993, na mwongozo wake wa huduma za kitabibu unapakuliwa bure. iaedp, chama kingine cha wataalamu hawa, cha 1985, inatoa cheti cha CEDS, yaani cha ubingwa wa matatizo ya ulaji. Lakini saa nane usiku utampigia simu mtu wa Moshi, si wa Marekani.

5. Kuleta keisi. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wetu wa kwanza niliandika kwenye watsap: binti wa miaka 17, kidato cha tano, yuko bweni, kwao Kibosho, baba ana duka la vifaa vya ujenzi. Jina sikuweka, nikajiona mwangalifu. Dakika kumi hazikuisha, mwenzetu mmoja akanipigia, sauti ya chini: "Dokta, huyo ni mtoto wa dada yangu." Nikafuta, lakini wanane walishasoma. Habari zikamfikia binti, akakaa wiki saba bila kukanyaga kliniki. Mji huu ukitaja kata, shule na kazi ya baba, umetaja jina.

ONYO: Omba ridhaa kwanza. Keisi inasemwa kwa mdomo kikaoni, haiandikwi kwenye simu. Usipige picha faili, hata ukiziba jina kwa kidole. Ondoa kila kitu ambacho shangazi yake angemtambua nacho. Umri, mapigo ya moyo na kiwango cha potasiamu kwenye damu acha kama vilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

6. Anayezimia, au mtu mzima mwenye mapigo chini ya 40 kwa dakika, anapelekwa hospitali. Hangoji Jumamosi.

MASWALI

Chuga77: Mkuu niunge na wife, anataka kupungua kabla ya harusi ya mdogo wake.
— Si kikundi cha kupungua. Soma tena.

Kijana wa Njiro: Nina keisi hapa, dada mmoja jirani yangu, anafanya kazi benki ya pale...
— Futa. Hatua ya 5. Futa sasa hivi.

Mzee Mchaga: Magonjwa ya wazungu hayo. Unatafuta wateja tu.
— Sijamtoza mtu hata mia, mzee wangu. Nauli ya Boma najilipia.

Sista wa Zamu: Dokta, shikamoo. Nimesikia aliyekaa muda mrefu bila kula, ukimlisha haraka anaweza kufa. Ni kweli?
— Marahaba sista, ni kweli, na umeuliza la maana. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini inapanda na kusukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Kwenye damu zinashuka ghafla, moyo unapoteza mdundo. Kwa hiyo thayamini (vitamini B1) kwanza, ndipo glukosi; chakula kidogo kidogo, damu ipimwe kila siku mwanzoni. Kama umepita wodi ya watoto unaijua tayari: mtoto mwenye utapiamlo mkali anaanza na F-75, maziwa ya tiba yasiyo na nguvu nyingi, hatukimbilii F-100 yenye nguvu zaidi. Sababu ndiyo hiyo hiyo. Njoo kikaoni, utufundishe na sisi.

Sista wa Zamu: Asante sana. Na pa kuanzia kumuuliza mgonjwa?
— Maswali matano ya SCOFF, dodoso fupi la kubaini matatizo ya ulaji, la Uingereza, 1999. "Ndiyo" mbili, chunguza zaidi. Lile la kupungua uzito wameandika "stone" moja, kipimo cha Waingereza. Wewe uliza kama amepungua zaidi ya kilo sita na kidogo ndani ya miezi mitatu. Kwaresima na Ramadhani uliza pia kama anafunga, na kama jua likizama anafungua kweli.

Daktari wa Meno: Naongezea. Akishatapika asipige mswaki papo hapo, unakwangua jino lililolainika. Asukutue maji tu, mswaki baadaye.
— Mnaona kwa nini nilimweka kwenye watano?