Mpango wa Biashara wa Studio ya Usanifu na Njia ya Kumhudumia Mteja

Wabunifu wengi wa nembo, vifungashio na tovuti huandika mpango wa biashara kwa ajili ya kuomba mkopo, kisha huufungia kabatini, huku utaratibu wa kuhudumia wateja ukibaki kichwani mwa mwenye studio. Mambo hayo mawili yanapaswa kuandikwa pamoja, kwa kuwa bei iliyokokotolewa vizuri kwenye mpango huliwa kidogo kidogo na marekebisho yasiyo na kikomo.

Eleza kwanza, kwa sentensi chache, studio inauza nini na inamuuzia nani. Studio ya nembo na vifungashio hutegemea wachapaji na hufuata ratiba isiyofanana na ya studio ya tovuti, hivyo kudai kwamba unabuni kila kitu hakumsaidii mteja wala wewe mwenyewe.

Sehemu inayostahili muda mwingi zaidi ni hesabu ya saa. Mbunifu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa wiki 46 za mwaka, ana saa 1,840; lakini kuandika ankara, kujibu barua pepe na kutafuta wateja wapya ni kazi ambazo hakuna anayezilipia. Ukikadiria kwamba asilimia 60 tu ya muda huo ndiyo inayolipwa, unabakiwa na saa 1,104, na hizo ndizo za kugawanyia gharama zote za mwaka, ukiwemo mshahara wako mwenyewe, ambao wengi huusahau. Juu ya hapo ongeza faida na kodi. Anayegawanya kwa 1,840 atakuwa na kazi tele na akaunti tupu.

Sasa linda hesabu hiyo katika kila hatua ya kazi. Kabla ya kutaja bei, mhoji mteja kuhusu lengo, walengwa, bajeti, tarehe ya mwisho na, zaidi ya yote, jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha; kamati isiyo na msemaji hurudisha kazi nyuma hata pale rasimu inapokuwa nzuri. Majibu hayo yaingie katika pendekezo, kisha katika mkataba unaotaja kitakachokabidhiwa, awamu za marekebisho (mbili zinatosha kwa kazi nyingi), bei ya awamu ya ziada, na malipo endapo mteja atasitisha kazi katikati. Kazi iliyokadiriwa saa 30 ikiongezewa awamu tatu za saa nne nne bila malipo, umefanya saa 42 kwa bei ya 30.

Usianze kuchora kabla ya kupokea malipo ya awali. Nusu ya bei ni kiwango kilichozoeleka. Kila rasimu iambatane na maelezo mafupi ya sababu za uamuzi wako, na idhini itolewe kwa maandishi.

Katika nchi nyingi hatimiliki ya kazi ya mbunifu wa kujitegemea hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi, kwa hiyo mkataba useme kwamba inahama baada ya malipo ya mwisho. Hapo ndipo utakapokabidhi mafaili: ya SVG (mchoro unaoweza kukuzwa bila kupoteza ubora) kwa nembo, na ya PDF kwa uchapaji, yakiwa na rangi za CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji) na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa.