Kuiondoa kulanti ya moto kwenye throtobodi ya Corvette C5 bila kuziba njia ya mvuke

Kwenye Corvette C5, gari la michezo la Chevrolet, zile za 1997 hadi 2004 zenye injini ya LS1 ya lita 5.7, kulanti ya moto (maji ya kupoza injini) hupita ndani ya throtobodi, yaani mlango wa hewa wa injini, kabla ya kurudi upande wa rejeta. Kazi yake hapo ni kuzuia barafu. Hewa yenye unyevu, joto likiwa karibu na nyuzi sifuri, huweza kugandisha kilango cha throto kikashindwa kufunga sawasawa. Gari lisilotembea kwenye baridi ya namna hiyo halihitaji joto hilo. Linalotembea huko, liache lilivyo.

Faida yenyewe ni ndogo, na nataka uijue kabla ya kushika spana. Injini ya lita 5.7 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta karibu lita 285 za hewa kila sekunde. Tundu la throto lina kipenyo cha milimita 75, kwa hiyo hewa hiyo hupita kwa kasi ya mita 60 na zaidi kwa sekunde. Haikai humo hata sehemu ya mia ya sekunde, basi ipate joto wapi? Tofauti utaipata kwenye foleni, au gari linaposimama baada ya kukimbizwa: manifoldi ya LS1, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, ni ya plastiki na haishiki joto sana, lakini throtobodi ni alumini na kulanti huifanya ibaki ya moto muda wote. Kila nyuzi 3 za Selsiasi unazopunguza kwenye hewa inayoingia huongeza uzito wake kwa takriban asilimia 1.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Usizibe mipira inayoleta kulanti kwenye throtobodi na kuirudisha. Wapo wanaoichomoa, wakaweka vizibo pande zote mbili na kudhani wamemaliza. Kulanti inayofika kwenye throtobodi ya LS1 inatoka kwenye bomba dogo la chuma linalounganisha silinda hedi (vifuniko vya juu vya silinda) zote mbili kwa mbele. Bomba hilo ndilo njia ya kutolea mvuke na hewa inayokusanyika sehemu ya juu ya hedi. Ukiliziba, viputo vinabaki humo, chuma kinakosa kulanti mahali pale pale penye moto mkali, na gasketi ya hedi inaweza kuungua huku geji ya joto ikionyesha hali ya kawaida. Tunachofanya ni kuiruka throtobodi tu. Mtiririko lazima uendelee.

1. Anza injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla gari halijawashwa. Fungua kifuniko cha tangi la kulanti polepole ili presha itoke. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto.

2. Teka kulanti kidogo kwenye chombo safi mpaka usawa ushuke chini ya throtobodi. Ifunike mara moja. Ina ladha tamu, wanyama huinywa, na ni sumu inayoua.

3. Chomoa plagi za sensa zilizo kwenye njia ya hewa, legeza klipu, kisha toa bomba la hewa lililo mbele ya throtobodi. Ziba mdomo wa throto kwa kitambaa safi. C5 hutumia throto ya umeme, kwa hiyo usikisukume kilango kwa kidole.

4. Tafuta mipira miwili myembamba chini ya throtobodi. Mfupi unatoka kwenye lile bomba la mvuke, mrefu unarudi upande wa rejeta. Bana klipu kwa koleo, zungusha mpira kidogo ubanduke, ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu unaweza kupinda chuchu ya bomba.

5. Toa mpira mfupi. Chukua ule mrefu uuchomeke moja kwa moja kwenye bomba la mvuke. Usipofika, au ukijikunja mpaka ukabanwa, nunua mpira mpya wa kulanti wenye kipenyo kilekile. Wa mafuta haufai hapa. Hakikisha haugusi mkanda wala puli.

6. Rudisha klipu, toa kitambaa, rudisha bomba la hewa na plagi zote.

7. Jaza kulanti ya aina ileile iliyokuwemo. Washa injini, ngoja hadi thermostati (vali inayofunguka kulanti ikipata moto) ifunguke, kagua maungio kwa tochi huku ukifuatilia geji. Izime, iache ipoe, kisha ongeza kama usawa umeshuka.

Kuhakiki matokeo, pima throtobodi yenyewe kwa kipimajoto cha miale baada ya safari. Sensa ya joto la hewa iko mbele ya throto, kwa hiyo kompyuta ya gari haitaiona tofauti hiyo.

Mwenye gari jingine asiige hatua hizi kabla ya kufuatilia mipira yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye Mazda MX-5 za mwanzo, kwa mfano, joto la kulanti ndilo linaloifunga vali ya sailensi ya baridi, ile inayoongeza mzunguko wa injini ikiwa bado haijapata moto. Ukiliondoa, injini itabaki inazunguka juu hata ikishapata moto.

Ule mpira mfupi uhifadhi pamoja na klipu zake. Gari likihamia kwenye baridi kali, utaurudisha.